Brashi ya Jumapili

Quellón, mwezi wa Julai. Mvua haishuki, inaingia ubavuni,
nayo ina chumvi.
Hapa msumari hauzeeki, hufa ungali kijana.
Mabati yana vidonda. Baiskeli ya Nahuel, ya mwaka jana tu,
imeshakuwa kibogoyo.

Bomba letu lakini liling'aa.
Mita tisini, kutoka kisima cha maji ya bahari hadi meza za kome,
na kila mshono niliuchomelea mimi, Rosenda Millalonco,
miezi miwili nimepiga magoti, nikiulisha argoni ndani na nje
kama mtoto njiti anayelishwa pumzi.

Daraja lake ni mia tatu kumi na sita, na herufi L mkiani.
Nahuel akauliza, hiyo L ni ya nini?
Ni ya kaboni iliyopunjwa, nikamwambia, haba kiasi kwamba moto ukipita
haipati nguvu ya kuiba kromi mpakani mwa chembe.
Na molibdeni?
Mbili kwa mia, labda na nusu.
Ni chumvi ya kupigana na chumvi. Huioni,
ila siku ikikosekana bahari inaanza kutafuna.

Sumaku haikishiki. Ukikikwaruza
hewa yenyewe inakuja kuziba, kwa utando mwembamba
kuliko pumzi kwenye kioo, unaojifuma upya
kabla hujaweka msumari chini.
Ni chuma kinachopona kwa kuachwa wazi.
Kifunike, kikandike tope, kinyime hewa,
ndipo kinapooza, chini ya kifuniko, kimyakimya.
Nilijua haya yote. Niliyafundisha.

Jumatano mkaguzi akaja kutoka Puerto Montt na tochi.
Akainama kwenye mshono wa arobaini na moja.
Madoa. Mekundu, madogo, kama pilipili iliyomwagika.
"Mmeuziwa feki," akasema.
Meneja akaniangalia mimi. Nahuel akaangalia viatu vyake.

Usiku ule nilihesabu vifaa vyangu kichwani,
kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu wadeni.
Kikulacho ki nguoni mwako:
changu kilikuwa kwenye ndoo, kina mpini wa mbao.

Maana Jumapili nilikwenda makaburini
kusugua uzio wa mama.
Chuma cheusi, alikichagua mwenyewe kabla hajafa, kwa bei nafuu,
akisema chuma ni chuma, Rosenda, usinifilisi.
Nilisugua mpaka vumbi jekundu likajaa kwenye kope.
Sikulia. Nilisugua.
Na Jumatatu, mkono uleule, brashi ileile ya waya,
nikaupapasa mshono wa arobaini na moja ili upendeze.

Kumbe bomba halikushika kutu, lilishikishwa.
Punje za uzio wa mama ziling'ang'ania ngozi isiyo yao
zikaozea hapo, ugenini,
mbele ya mwanamume mwenye tochi.

Nilikiri asubuhi, kabla ya chai.
Meneja alikata mshahara wa siku tatu. Haki yake.
Nikavaa glavu hadi kwenye viwiko, nikapaka tindikali,
nikasubiri, nikaosha, nikaosha tena.
Mshono ukarudi kijivu, kijivu cha mwezi wa mchana.
Nikauacha wazi usiku kucha, uvute hewa.

Nina bamba la ukoo huohuo mguuni, na skrubu sita,
tangu nilipoanguka gatini.
Limekaa kwenye damu miaka kumi na moja, na damu nayo ni chumvi,
halijanidai kitu
isipokuwa baridi kidogo, alfajiri, chini ya goti.
Mama alikuwa akiligusa kwa kidole na kusema:
hiki ndicho kitu cha ghali kuliko vyote nyumbani.

Mpini wa brashi nimeupaka rangi nyekundu:
MAKABURI TU.
Nahuel alicheka, kisha akaona sicheki, akaacha.

Uzio umebakia nusu. Upande wa kaskazini sikuufikia.
Jumapili ijayo, mvua ikiruhusu.
Haitaruhusu.